Sura ya Saba: Mhakiki wa Maji Mekundu

Inspekta Valérie Kazadi alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake wa polisi pale Kolwezi: kila hati aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza alianza juu akashuka, kama watu wote. Mara ya pili alianza kwenye sahihi akapanda, mstari kwa mstari, mpaka kwenye tarehe. Alisema mwongo hupamba mlango wa mbele na kusahau uani. Wenzake walisema huko ni kupoteza muda. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na hakuona haraka ya kumfurahisha mtu.

Jumamosi ile, saa mbili asubuhi, hati iliyokuwa mezani ilikuwa ya Mama Asia, mjane wa msafirishaji mizigo na mama wa marehemu Akram. Yalikuwa maelezo ya nyongeza, aliyoyatoa Alhamisi mbele ya karani. Mahali pa sahihi palikuwa na alama ya kidole gumba, na mstari uliokuwa juu ya kidole hicho ulisema hivi: "Niliona kwa macho yangu udongo mwekundu ukimtoka mwanangu puani alipooshwa, na maji yakawa mekundu. Gael ndiye aliyemfukia."

Valérie akausoma tena. Halafu akaweka kalamu chini, jambo alilolifanya mara chache.

Kesi aliijua kama kiganja chake. Mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, saa nne asubuhi, shimo la wachimbaji nje ya mji lilianguka. Mchana, gari la depo, ghala linalonunua mawe ya wachimbaji, lilileta nyumbani kwa Mama Asia mwili wa Akram umefungwa ndani ya turubai, mwekundu kwa udongo kuanzia kichwani hadi miguuni. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mwenzake wa shimo, kijana wa Sandoa aitwaye Gael, alikiri kwamba jana yake aling'oa miti miwili iliyoshikilia paa la njia ya chini. Aliikiri miti, akaikana maiti. Alisema lilipoanguka, shimo lilikuwa tupu.

Hakuna aliyemsadiki. Valérie mwenyewe ndiye aliyemfunga pingu. Wachimbaji watatu walisema wamemtoa Akram chini, wakaweka sahihi, na wiki hiyohiyo wakahamia machimbo mengine ambako hakuna aliyewafuata. Uchunguzi wa daktari haukufanyika, kwa kuwa familia ya Kiislamu humzika mtu wake siku ileile. Sasa Jumatatu saa tatu Gael angesimama mbele ya mahakama, na kama neno la mama lingepokelewa lilivyo, kijana yule angezeekea gerezani.

Lakini Akram aliogeshwa na wanaume, kwenye ua wa msikiti, nyuma ya pazia. Mama haingii pale. Basi aliona akiwa wapi?

*

Mama Asia alimpokea kwenye ukumbi wa nyumba yake, akamkaribisha kwenye kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya kuchoka. Mezani palikuwa na tiketi nne za filamu, zimepangwa moja juu ya nyingine.

"Mama Asia, siku ile walipomwosha Akram, wewe ulikuwa wapi?"

"Mu nyumba, na bamama bengine. Tulikuwa tunasoma."

"Hukuenda msikitini?"

"Banamuke hatuendake kule."

"Na maji mekundu uliyaona wapi?"

Mama Asia aliziangalia zile tiketi. Uso wake ulibadilika, na Valérie akaona mtu aliyeshika ukuta wa nyumba yake mwenyewe gizani akakuta hauko.

"Ile film," alisema mwishoni. "Nimeiona mara ine. Kila mara PDG ananitumia gari, bananipatia kiti cha mbele, bantu banalia, na miye nalia. Sasa nikifunga macho naona tu ile ya film. Ile yangu siioni tena, Mama Inspecteur. Sijue ilienda wapi."

PDG ndivyo wachimbaji wanavyomwita mwenye shimo na depo. Huyu aliitwa Zéphirin, na filamu ile aliilipia yeye.

"Uso wa Akram uliuona?"

"Balinikatalia. Dereva alisema PDG ametuma neno: uso umeharibika, mama asione. Nikazika turubai na sanda. Uso sikuona."

Valérie alifunga daftari. Mama Asia akamshika mkono, na mshiko wake haukuwa wa upole hata kidogo.

"Usinitolee Gael. Kwa miezi yote hii nalala juu ya jina lake. Nikimukosa Gael, nitashika nani?"

Valérie aliutoa mkono wake polepole, akaondoka.

*

Filamu iliitwa *Uso Uliofunikwa*. Ilimhusu mama aliyefiwa na mwana mchimbaji, ambaye kila anapojaribu kuikumbuka siku ya msiba, siku hiyo humjia imebadilika: mlango uliokuwa kulia uko kushoto, marehemu anapumua, jirani hana mdomo. Mwongozaji wake alikuwa Hénock, kijana wa hapohapo, na majina aliyabadilisha, ingawa mji mzima ulijua ni msiba wa nani. Valérie alikuwa ameiona mara moja na kusinzia mara mbili. Watu wengine hawakusinzia.

Edouard, mwenye duka la fotokopi na mwenyekiti wa klabu ya sinema, alimwekea kaunta nzima ya sifa. Alikuwa amekata kila uhakiki na kuugandisha kwenye faili, kama bwana harusi anayetunza picha.

"Hii ya radio, soma. 'Yale maji mekundu yanatuosha na sisi.' Hii gazeti ya Lubumbashi: 'Kitambaa kinachotoka puani ni kilele cha filamu.' Hii ya Kinshasa, Mama Inspecteur! Kinshasa! 'Hofu inayotoka ndani ya kumbukumbu yenyewe.' Bote banasema tu ile scène ya kuosha maiti."

"Hakuna aliyeisema vibaya?"

Uso wa Edouard ulisawijika. "Moja tu. Ya jarida letu la klabu. Ningekataa kuichapa, lakini ule muntu anaandika muzuri kupita bote."

Ulikuwa ukurasa mmoja, umetiwa sahihi ya "Kiti cha Nyuma". Valérie alianza na aya ya mwisho, kama kawaida yake.

"Mwongozaji anajua kwamba hofu haikai gizani, inakaa katika kitu unachokijua kilichohamishwa kidogo. Kwa hilo nampongeza. Lakini dakika ya hamsini na mbili anatudanganya. Kitambaa cha mwoshaji kinaingia puani mwa marehemu kikiwa cheupe, kinatoka chekundu, na ukumbi mzima unalia. Mimi nililia kwa hasira. Kitambaa kile kiliingia cheupe na kilitoka cheupe. Udongo ulikuwa juu ya nguo tu."

Duka lilikuwa na kelele za mashine, lakini Valérie hakuzisikia. Mtu huyu hakuwa anakosoa. Alikuwa anatoa ushahidi. Aliyefukiwa akiwa hai huvuta udongo anapotafuta pumzi. Hilo hata mtoto wa machimboni analijua. Kama pua ilikuwa safi, Akram alikufa kwanza, akapakwa udongo baadaye. Na nani angejua kwamba udongo umepakwa, kama si aliyeupaka?

"Kiti cha Nyuma ni nani?"

"Sijue. Vrai, Mama, sijue. Anasukumaka karatasi chini ya mulango, asubuhi."

"Leta karatasi yenyewe."

Edouard alipekua droo akaitoa. Mwandiko ulikuwa wa zamani, wa kulala upande mmoja. Valérie aliigeuza. Nyuma ilikuwa hati ya mizigo ya lori iliyokwisha tumika, ya saruji kutoka Kasumbalesa, na pembeni kulikuwa na nusu ya muhuri. Nusu ile ilimtosha. Mihuri ya wasafirishaji wa Kolwezi haifiki ishirini, na wenye maua pembeni ni mmoja tu.

"Onyesho la leo ni saa ngapi?"

"Saa tisa. Halafu kuna débat, mwongozaji atajibu maswali. Na PDG anakuya pia."

"Niwekee kiti," alisema Valérie. "Na Mama Asia akija, usimweke mbele. Mweke karibu yangu."

*

Mwenye muhuri ule, Alfani, ambaye mji ulimwita Tata, yaani baba, alikuwa uani kwake, akikagua kamba za turubai la lori. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa uzi. Malori yake matatu yalikwenda Kasumbalesa na kurudi. Yeye mwenyewe hakuwa akisafiri tena. Valérie alimnyooshea ile karatasi bila salamu ndefu.

"Hii ni yako, Tata?"

Alfani aliitazama. "Mwandiko ni wangu." Kiswahili chake kilikuwa cha Kasongo, cha wazee, kisichokimbia. "Zamani niliendesha mashine ya sinema kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Miaka kumi na moja. Nilikaa nyuma, nikaona kila filamu mara ishirini. Mtu akiona kitu mara ishirini, anajua kilipopasuka."

"Siku aliyokufa Akram, asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Madereva wanajua."

"Madereva unawalisha wewe. Umeandika kwamba pua yake ilikuwa safi. Mji mzima unajua alifukiwa. Mtu mmoja tu ndiye anayeweza kujua kwamba hakufukiwa, Tata Alfani, na mimi namtafuta huyo."

Mzee hakukasirika. Alikwenda kwenye ndoo, akanawa mikono polepole mpaka kwenye viwiko, akajifuta. Valérie alikutazama kunawa kule, na kabla mzee hajasema neno alijiona mjinga.

"Ni wewe uliyemwosha," alisema.

"Mimi na mtoto wa kaka yangu, Rachid. Yeye yuko Zambia na lori tangu mwezi wa pili. Nimeosha watu mia mbili na kumi na moja, Mama. Wa kwanza alikuwa baba yangu."

"Na kwa nini hukuja kwangu? Kuna kijana amekaa gerezani mwaka na zaidi!"

"Kwetu anayeosha maiti hasemi alichoona. Akiona kizuri, anaweza kusema. Akiona kibaya, anakifunika, ili naye Mungu amfunikie. Nikifungua kinywa mara moja, nani tena atanipa mtu wake?" Alikunja taulo mara mbili, kisha mara nne. "Nilijua pua ilikuwa safi. Nikajiambia labda alikufa kwa jiwe kabla ya udongo. Nikajituliza. Halafu nikakaa kwenye ukumbi, nikaona kitambaa kinatoka chekundu, watu wanapiga makofi. Sikulala. Nikaandika. Kukosoa filamu si kusema habari za maiti."

Valérie alikuwa na hasira naye, na alimheshimu, vyote pamoja. Kumlazimisha mbele ya hakimu kungechukua wiki, na yeye alikuwa na siku mbili. Alivuta tairi kuukuu, akakalia.

"Basi, Tata, maiti tumwache apumzike. Tuongee sinema. Filamu hii imekosea wapi kwingine?"

Alfani alimtazama juu ya miwani. Kitu kama tabasamu kilipita midomoni mwake, kikafutika upesi. Alikaa naye.

"Mimi ningekuwa mwongozaji," alianza, akichagua kila neno, "nisingeweka jeraha kwenye paji la uso. Watu wanapenda paji kwa sababu linaonekana. Ningeliweka nyuma ya sikio la kulia. Dogo. La chuma."

Valérie aliandika.

"Na uso nisingeuharibu. Mama kwenye filamu anakatazwa kuona uso, wanasema umesagika. Mimi ningeuacha mzima. Ingekuwa filamu ya kutisha zaidi: mama anakatazwa kuona uso ambao hauna kitu."

"Nani alikataza asiuone?" Valérie alijiuliza kwa sauti ya chini. Jibu lilikuwa kwenye daftari lake: PDG ametuma neno. Lakini PDG, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa katika mji wa Tenke tangu siku mbili kabla, akishughulikia mabehewa, akarudi jioni marehemu akiwa kaburini. Gael alikuwa amesema jambo lingine tangu mwanzo, na Valérie aliliandika bila kulifuata: kwamba Akram aligombana na Zéphirin kuhusu mashine ya depo ya kupima mawe, kwamba inawapunja, akaapa kuipasua siri yake mbele ya wachimbaji wote. Alikuwa amelichukulia kama neno la mfungwa.

"Swali la mwisho, Tata. Umeniambia makosa. Filamu imepatia nini?"

Dereva mmoja alikuja kuuliza jambo, akaona nyuso zao, akarudi zake.

"Kimoja," alisema Alfani. "Hili si la kufunika, maana wamelifunua wenyewe mbele ya watu mia nne. Kwenye filamu, marehemu amefungwa kitambaa cha buluu kwenye kidole gumba cha kushoto."

"Nilikiona. Na Akram?"

"Nilisema tunaongea sinema." Aliinuka, akashika kamba ya turubai. "Nilipoona kile kidole, Mama, nilitaka kutoka nje. Maana tulikuwa wawili tu nyuma ya pazia, na hakuna aliyetuuliza."

*

Ukumbi ulijaa. Taa zilipowashwa baada ya filamu, watu walikuwa wanapenga kamasi kila upande, na mbele, kwenye viti vitatu, walikaa Edouard, Hénock mwongozaji, na Zéphirin mwenyewe, mwenye koti la kijivu na viatu vilivyong'aa mno kwa mji wa vumbi. Mama Asia alikuwa upande wa kulia wa Valérie. Alikuwa ametazama dakika ya hamsini na mbili bila kulia, mikono imekunjwa. Tata Alfani alikuwa mstari wa mwisho, mahali pake pa siku zote.

Makofi yalikuwa mengi, na maswali yalikuwa sifa zilizovaa alama ya kuuliza. Kijana mmoja aliuliza jinsi kumbukumbu inavyoweza kuwa adui. Mwalimu mmoja alisema ameota maji yale wiki nzima. Kila sifa ilipoanguka, Zéphirin aliinamisha kichwa kidogo, kama anayepokea zawadi kwa niaba ya wengine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, aliwaza Valérie, na akanyoosha mkono.

"Swali langu ni dogo," alisema. "Mimi si mtu wa sinema. Lakini kile kitambaa cha buluu kwenye kidole cha marehemu kimenigusa. Nani alikifikiria?"

Hénock alicheka, akafungua mikono. "Mama Inspecteur, ukweli nitasema. Si miye. Ni PDG. Siku ya kupiga picha ile scène alikuya mwenyewe, akakata kitambaa, akafunga kidole cha acteur na mukono yake. Nikamwambia, PDG, wewe ndiye mwongozaji!"

Watu walicheka na kupiga makofi. Zéphirin alisimama nusu, akainamisha kichwa.

"Hongera," alisema Valérie. "Lakini jambo dogo namna hiyo halibuniwi. Kuna mtu alikusimulia, bila shaka? Dereva, au wale waliomtoa shimoni?"

Alimpa mlango ulio wazi kabisa. Mtu mwoga angetoka mbio. Lakini Zéphirin alikuwa amekaa miezi kumi ndani ya filamu hii: ameisoma, ameilipia, ameiona mji kwa mji, amesikia wahakiki wakiita uongo wake kilele. Ilikuwa imemla kama ilivyomla Mama Asia. Hakukumbuka tena yapi aliyaona na yapi hakupaswa kuwa ameyaona.

"Mi sisimuliwake," alisema kwa majivuno. "Bacritique banasema film ni ya kweli, juu ya nini? Juu bitu bidogo ni bya kweli. Akram alikuwa na kitambaa ku kidole, vile vile, cha mufuko ya depo. Nilikiona na macho yangu."

"Lini?"

"Ile siku..." Alisita. "Siku za mbele. Kabla niende Tenke."

Valérie alitoa karatasi kwenye faili. Hakuinua sauti. "Uliondoka kwenda Tenke siku mbili kabla ya kifo. Ni sahihi yako hapa. Kwa hiyo kitambaa alikuwa nacho siku mbili kabla."

"Ndio vile. Siku mbili. Alijikata."

"Hapana," ikasema sauti pembeni ya Valérie.

Mama Asia alikuwa amesimama. Alikuwa hamtazami Zéphirin. Aliitazama mikono yake mwenyewe, amekunja vidole kana kwamba ameshika kitu kizito.

"Hapana. Ile asubuhi ya kufa, maji ya robinet ilikuwa imekatika. Kabla ya sala ya alfajiri nilimumwangia Akram maji ya udhu na birika. Nilimwanga miye. Alileta mukono ya kuume, akaleta ya kushoto. Nikaona bidole byote, nikamutania: kucha ndefu sawa muganga." Sauti yake ilipanda, na kwa mara ya kwanza tangu Valérie amjue haikuwa ya kuchoka. "Hakukuwa kitambaa. Hakukuwa kidonda! Ile naikumbuka. Ile ni yangu, haiko mu film!"

Watu wa viti vya mbele waligeuka kumtazama.

"Basi kidole kilikatika baada ya alfajiri," alisema Valérie, "siku ambayo PDG alikuwa Tenke. Na mwili ulitoka kwenye turubai ukaingia sandani, na PDG hakuuona, amesema mwenyewe. Tata Zéphirin, naomba unieleze mbele ya watu hawa wanaokupenda: kile kidole ulikiona saa ngapi?"

Zéphirin alimtazama Hénock, kana kwamba mwongozaji angekata pale wakaanza upya. Hénock alikuwa amesogeza kiti chake.

"Bantu ba Kolwezi," alianza Zéphirin, na maneno yakamwishia. Polisi wawili ambao Valérie aliwaweka mlangoni hawakuhitaji kuitwa mara ya pili.

*

Saa kumi na moja na nusu, ofisini, karani alimaliza kuandika maelezo mapya ya Mama Asia. Yalikuwa mafupi: birika, mikono miwili, vidole kumi. Yale ya Alhamisi yalipigwa mstari mwekundu. Valérie aliyasoma mapya kutoka juu, kisha kutoka chini, halafu akasogeza kidau cha wino. Aliandika pia barua yake kwa mwendesha mashtaka, akikiri kwamba mwaka jana alifunga mtu bila kufungua turubai. Aliona aibu kuiandika, na hakuifupisha.

Mama Asia alibonyeza kidole gumba kwenye karatasi. Hakukifuta wino. Alitoka nje barazani, ambako Tata Alfani alikuwa akimngoja ili amrudishe nyumbani kwa gari lake.

"Tata Alfani," alisema. "Ule uso."

Mzee alivua miwani. Valérie, aliyekuwa mlangoni, alijua anaulizwa kuvunja nini, na alijiandaa kusikia habari za sinema.

"Ulikuwa mzima, Mama," alisema Alfani. "Kizuri tunaruhusiwa kusema. Ulikuwa mzuri na mzima."

Mama Asia alishika nguzo. Alilia kwa sauti, kilio chake mwenyewe, bila kiti cha mbele na bila gari la mtu, na hakuna aliyemnyamazisha. Kilipokwisha alijifuta na ncha ya mtandio.

"Mama Inspecteur. Ule mutoto wa Sandoa. Mu gereza, nani anamupelekeaka chakula?"

Valérie alitaka kusema uongo mdogo. Hakuweza.

"Hakuna. Hana ndugu hapa. Barua yangu itamtoa Jumatatu, Mungu akipenda."

"Na kesho?"

"Kesho ni Jumapili, Mama. Hakuna."

Mama Asia alikwisha shuka ngazi. Alifunga mtandio upya, kwa nguvu, akamwambia Tata Alfani awashe gari, wapitie sokoni kwanza kabla wauza unga hawajafunga.